Kabla Nduthi Ikubebe, Wewe Utaibeba

Kama hujawahi kuona nduthi ikipanda boti, njoo Mbita asubuhi. Simama ufuoni pale boti za Mfangano zinapopakia. Utaona watu watatu, wawili wako ndani ya maji mpaka magotini, mmoja ameshika usukani, mwingine ameinama kwa tairi la nyuma, na wa tatu yuko ndani ya boti akingoja kupokea. Hakuna winchi. Hakuna ubao wa maana. Wanahesabu moja, mbili, tatu, halafu nduthi iko ndani. Mwenye nduthi huwa haongei kabisa dakika hiyo. Anaangalia tu. Ile ni karo ya watoto inapita juu ya maji.

Nimeona hiyo kitu tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Nilianza kuifikiria juzi, baada ya kuangusha nduthi ya mtu.

Stori iko hivi. Nina van. Msijenge picha ya zile van za Wazungu zenye sinki na mapazia. Ni mathree iliyostaafu, tulitoa viti, tukapigilia kitanda cha mbao, tukaweka jiko la gesi na ndoo ya maji. Mpango ulikuwa kuzunguka ghuba yote na kamera: Mbita, Homa Bay, Kendu Bay, Kisumu, Bondo, tushuke mpaka Luanda Kotieno halafu turudi nyumbani na feri. Shida ni kwamba van ni nyumba, na huwezi kwenda na nyumba yako dukani kila saa. Ukishaegesha na kutandika kitanda, hutaki kuhamisha kila kitu ndio ukanunue mkate. Na fuo nyingi hapa hazina njia ya gari. Kwa hivyo nilitaka nduthi ya kubeba nyuma.

Sikuwa na ya kununua. Nikamshawishi ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye anaendesha boda hapa tao, tubebe yake. Cc 150, safi, mwaka mmoja barabarani, bado anailipia mkopo kila siku. Fundi mmoja wa kuchomelea akatutengenezea keria ya mabomba, tukaifunga nyuma ya van kwa bolti nne. Ilikaa poa sana kwa picha.

Tukatoka Homa Bay tukielekea nyumbani kwa safari ya majaribio. Tuta la pili au la tatu, tukasikia mlio. Bomba moja limekatika pale palipochomelewa. Nduthi ikaning'inia kwa kamba moja na ikaburutwa kabla sijasimamisha gari. Tangi likapasuka, shokabu za mbele zikapinda. Nyuma yetu kulikuwa na boda nyingine imebeba mama na mtoto. Dereva wao alikata kona kuingia porini, ndio maana naandika hii kitu nikiwa nyumbani na si mahali pengine.

Ndugu yangu alikaa bila kazi wiki tatu. Mkopo haukukaa. Niliuza lenzi yangu ya kamera kulipa spea na siku zake. Sijutii hiyo lenzi. Ninachojutia ni swali niliulizwa siku ile tulirudi ufuoni tukiwa tumepakia mabaki ndani ya van.

Swali la mzee

Kuna mzee anapakia boti hapa tangu kabla sijazaliwa. Aliangalia nduthi, akaangalia keria, akauliza, "Hii ni kilo ngapi?"

Sikujua. Nilijua cc. Nilijua spidi, bei, na inakula mafuta kiasi gani. Kilo sikujua. Ndugu yangu mwenyewe, anayekaa juu ya hiyo kitu masaa kumi na mbili kwa siku, hakujua.

Mzee hakutucheka. Alituambia tuilete kwa mizani ya samaki. Hiyo ndiyo mbinu ya kwanza nawapa leo, na ni ya bure: funga kamba tairi la mbele, ning'iniza kwa mizani mpaka tairi liachie ardhi kidogo, andika namba. Shusha, fanya hivyo hivyo nyuma. Jumlisha. Yetu ilikuwa kilo 131. Kwa karatasi ya duka iliandikwa kidogo zaidi ya mia na ishirini, lakini boda huwa haibaki vile ilitoka duka. Tumeongeza vyuma vya kulinda miguu, keria ya mzigo, kiti kirefu, mwavuli, na tangi limejaa mafuta.

Hapo ndio nikaanza kuchimba historia, na nilichokuta ni kwamba watu wa hili ziwa, na watu wengine mbali sana na hapa, wameulizana swali la mzee kwa zaidi ya miaka mia. Kila mtu aliyefaulu kubeba chombo juu ya chombo alianza na kilo. Mwenye kuanza na nguvu ya injini aliishia kama mimi.

Meli zilizobebwa na watu

Tuanze hapa hapa. Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza katika hili ziwa iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Scotland, kwa kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley, na ikaundwa ikijulikana kwamba itafunguliwa. Vipande vililetwa Mombasa, vikasafiri kwa reli mpaka pale reli ilikuwa imeishia, halafu vikabebwa na watu. Iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika ziwani Desemba 1901. Yaani meli ilifika kabla ya treni, juu ya mabega.

Fikiria hiyo kazi. Katika misafara ya zamani ya Afrika Mashariki mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Hiyo namba haikutungwa na mhandisi. Ilitoka kwa shingo na magoti ya watu waliokuwa wanatembea miezi. Kitu kikizidi hapo lazima kigawanywe au kishikwe na watu wawili, wanne, na kwa njia nyembamba watu wanne hawapiti. Kwa hivyo hata meli ya chuma ilibidi ipige hesabu na mgongo wa mtu.

Baadaye, karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwanda kile kile kilitengeneza meli nyingine kwa mtindo ule ule, ije vipande ikaunganishwe Kisumu. Iliitwa Rusinga. Ndio, Rusinga yetu, kisiwa ninachokiona kutoka dirisha la jikoni kwetu, kisiwa alikozikwa Tom Mboya. Wengi wetu hatujui kwamba jina hilo liliwahi kusafiri baharini likiwa limefungwa kwa masanduku.

Kutoka ndiga hadi nduthi

Sasa turudi kwa magurudumu mawili. Boda boda ilianzia Busia na baiskeli, miaka ya 1960 kwenda 1970. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande cha njia ambacho magari ya abiria hayakuvuka, na vijana wenye baiskeli wakawa wanaita watu wa kuvushwa: boda, boda! Jina likabaki hata mahali ambapo hakuna mpaka wowote. Huku kwetu Wajaluo baiskeli tunaita ndiga, na wazee watakuambia kwamba kijana mwenye ndiga alikuwa mtu wa kuozwa binti.

Ndiga ilikuwa rahisi kubebwa. Ile nyeusi ya chuma ilikuwa na kilo kama 20 tu. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zile za mabasi, na kuanzia hapo keria ya juu ya matatu ikawa stoo ya nchi: magodoro, kuku, magunia, samaki, na baiskeli. Makanga mmoja alikuwa anaipandisha peke yake. Kwa boti ilikuwa rahisi zaidi, unaishika tu kwa mkono mmoja unaingia.

Halafu ikaja nduthi. Karibu mwaka 2008 serikali ililegeza kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250, zile za India na China zikaingia kwa wingi, na ndani ya miaka michache kila njia panda ilikuwa na steji. Hiyo stori mnaijua, wengi wenu mmelipiwa karo nayo. Lakini angalieni namba ambayo hakuna mtu aliitaja: kutoka kilo 20 hadi zaidi ya kilo 100. Chombo cha kazi kiliongezeka uzito zaidi ya mara tano. Boti hazikubadilika. Keria hazikubadilika. Mikono ya mtu ilibaki miwili.

Mbita ina kitu kingine kilichotufanya tusahau uzito. Zamani kwenda Rusinga ilikuwa lazima upande chombo. Miaka ya 1980 wakajaza mawe na udongo kwenye mlango wa maji, barabara ikapita juu yake. Watu walifurahi, lakini maji ya ghuba na ya ziwa kubwa yakazuiwa kupita pale, na wavuvi wakalalamika miaka na miaka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 2010 tukapata daraja na maji yakafunguliwa njia. Leo unavuka kwa nduthi kabla wimbo mmoja haujaisha. Ukishakuwa na daraja, huulizi kilo. Mfangano haina daraja, ndio maana watu wa Mfangano wanajua kitu ambacho sisi wa bara tumesahau.

Nduthi ya kuingia kwa buti

Wengine waliowahi kulikalia hili swali kwa umakini walikuwa vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, idara ya siri ya Uingereza ilitaka pikipiki ya kuangushwa na parachuti pamoja na askari. Wakatengeneza Welbike, jina limetoka mji wa Welwyn. Injini cc 98, usukani unakunjwa, kiti kinashuka, yote inaingia ndani ya mtungi wa chuma wa parachuti. Uzito? Kama kilo 32. Mnaona? Ni karibu mzigo wa mpagazi mmoja. Njia mbili tofauti kabisa, jibu moja, kwa sababu mwili wa binadamu ni ule ule Voi na Welwyn.

Lakini msikimbilie kusema nyepesi ndio bora. Zilitengenezwa elfu kadhaa, na nyingi hazikufanya kazi kubwa. Magurudumu yalikuwa madogo sana kwa mashimo, injini haikuwa na nguvu ya ardhi mbaya, na askari wengine waliona afadhali kutembea. Baada ya vita iligeuzwa kuwa pikipiki ya raia, ikaitwa Corgi, na katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa imeisha.

Wajapani wakajaribu kwa njia yao. Mwaka 1961 Honda walitengeneza kapikipiki kadogo ka watoto kuchezea kwa bustani ya burudani karibu na Tokyo. Watu wazima wakikapanda walionekana kama nyani, jina Monkey likashika. Mwaka 1967 wakatoa Monkey ya barabarani yenye usukani wa kukunja ili iingie kwa buti ya gari. Halafu 1981 wakaenda mwisho kabisa: waliunda gari dogo, Honda City, na pikipiki yake, Motocompo, zikiwa zimepangwa pamoja. Motocompo ilikuwa sanduku lenye magurudumu. Unakunja usukani, unashusha kiti, unailaza ndani ya buti. Kilo 42 hivi, cc 49. Na walifikiria kitu ambacho mimi sikufikiria hata kidogo: mafuta yasimwagike ikiwa imelazwa.

Motocompo leo inatafutwa na watu wa kukusanya vitu vya zamani. Wakati wake haikudumu sokoni, kwa sababu ni nzuri kwa lami ya mji tu. Ipeleke njia ya mawe ya Rusinga uone.

Iliyopata jibu zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ambayo haisemwi sana huku: familia ya Honda CT. Ni mtoto wa Super Cub ya 1958, ile ambayo mwaka 1957 na 1958 walikuwa wanaichora ili mtu wa kupeleka chakula aiendeshe kwa mkono mmoja, na ambayo familia yake ilifika pikipiki milioni 100 mwaka 2017. CT waliifanyia gia za porini na tairi za kawaida, na mwishoni mwa miaka ya 1960 CT90 ikapata usukani unaozungushwa pembeni ili nduthi iwe nyembamba kama mlango. Ilikuwa ya wawindaji na watu wa kulala porini, ya kufungwa kwa gari. Haikuingia kwa buti. Ilikuwa chini ya kilo 100, watu wawili wanaipandisha bila kuita jirani, na ikishuka inafanya kazi kweli. Posta ya Australia iliitumia CT110 miaka mingi kugawa barua.

Hapo ndio nikaelewa. Maswali ni mawili na lazima yajibiwe pamoja. Nani ataipandisha? Na ikishuka, itakanyaga ardhi gani? Welbike ilijibu la kwanza ikasahau la pili. Nduthi ya ndugu yangu inajibu la pili vizuri sana. La kwanza tulilijibu na kamba moja.

Hesabu ya keria

Sasa wacha niwaonyeshe ujinga wangu kwa namba, kwa sababu najua kuna mtu mahali anachomelea keria kama yangu sasa hivi.

Nduthi kilo 131. Keria yenyewe kilo 34, tuliipima pia. Jumla 165. Katikati ya nduthi ilikuwa kama mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma ya van. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 2.5. Hii ni bembea tu, ile mlicheza shule ya msingi. Chukua 165 mara 1.4, gawanya kwa 2.5, unapata kama 92. Hizo ni kilo zilizoinuliwa kutoka tairi za mbele, tairi za kupinda kona, na nyingi za breki pia ziko huko. Na nyuma haikubeba 165. Ilibeba 165 na 92, yaani kama kilo 257. Ni kama umefunga watu wanne wakubwa nje ya mlango wa nyuma.

Na hiyo ni gari ikiwa imesimama. Ukiruka tuta, uzito unaongezeka kwa sekunde, halafu unapungua, halafu unaongezeka tena. Chuma kinachochomelewa hakivunjiki siku moja. Kinachoka. Yangu ilichoka kwa tuta la tatu kwa sababu ilianza ikiwa imechoka.

Kitu kingine ni kwamba nduthi ilifunika taa za nyuma na namba ya gari. Hata polisi wangenisimamisha wangekuwa na haki. Dereva wa nyuma hakuona breki zangu.

Kwa hivyo kama ni lazima uibebe, hii ndiyo form:

Chini ya kilo 60, keria ya nyuma inaweza kukubali, lakini ishikwe kwa chesisi, usiitundike kwa bampa. Weka taa nyingine na namba nyingine mahali zinaonekana.

Zaidi ya hapo, iingie ndani ya gari, mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, au ipande trela. Ikiwa ndani, funga mfereji wa mafuta, na usilale humo na nduthi yenye mafuta kando ya jiko la gesi. Narudia kwa sababu kuna mtu atacheka: usilale humo. Ishushe usiku, uifunge na mnyororo nje.

Mikanda iwe minne, inavuta kwenda chini na kwenda nje, miwili mbele na miwili nyuma, mpaka shokabu zibonyee kidogo. Stendi ya upande usiiamini. Kwa kila mwendo inakuwa kama patasi, inachimba sakafu na kupinda.

Wanavyobeba watu wa ziwa

Hayo ya mikanda nimeyasoma baadaye, lakini kumbe yalikuwa mbele yangu maisha yote. Baada ya ajali nilikaa ufuoni asubuhi tatu nikiangalia tu, bila kamera.

Kwanza wanaitoa mafuta mengi kabla ya kupakia, wanabakisha ya kufika steji. Lita kumi za petroli ni kama kilo saba na nusu, hizo si za kudharau ukiwa umesimama kwa maji. Pili, nduthi inakaa katikati ya boti, chini kabisa, haikai kwa ncha. Mzee aliniambia kwamba mzigo ukikaa nyuma, boti inainua pua na inakataa kusikia. Niliposikia "inainua pua" nilinyamaza. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kilo 92, alikuwa anaijua bila karatasi. Tatu, inafungwa kwa mbao za boti pande mbili, na hakuna mtu anakaa juu yake. Nne, wanaondoka asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka.

Si kila kitu ni kizuri. Nimeona boti imebeba nduthi mbili, magunia, kreti za soda, na watu kuliko ilivyofaa, na jaketi za kuelea zimekaliwa kama mito. Nduthi inaweza kulipwa upya, kwa uchungu lakini inalipwa. Kama boti imezidi, ngoja ile nyingine. Hii si sehemu ya kuonyesha uanaume.

Na kuna kitu cha mwisho nilijifunza hapo, kuhusu kuchagua. Nilimuuliza jamaa mmoja wa Mfangano mbona ananunua aina ile ile ya nduthi kama wenzake wote, wakati kuna nyepesi zaidi. Akanijibu kwamba nduthi anaipandisha boti mara moja, lakini spea ataitafuta kila mwezi. Pale Sena fundi anaijua hiyo moja, na kebo ya klachi iko dukani. Kwa mtu wa kisiwani kilo zinalipwa siku moja tu, na vijana watatu wa kuinua wapo. Kwa mtu wa van, kilo zinalipwa kila asubuhi na kila jioni, na uko peke yako. Kwa hivyo nduthi yake ni sahihi kwake na ni makosa kwangu. Hakuna nduthi bora ya kila mtu, na mtu akikuuzia hiyo stori anakuuzia nduthi.

Sasa nimechagua nini

Najua mlikuwa mnangoja niseme jina. Nilikaa na orodha wiki mbili. Kuna zile Yamaha AG za zamani, zilizoundwa kwa ajili ya wakulima, ambazo mabwana shamba wengi Afrika walipewa. Ngumu, zinakubali matope, lakini ziko karibu kilo 100 na mimi ni mtu mmoja mwembamba. Kuna vitu vya umeme, ambavyo vina uzuri wa kutoa betri na kuipandisha peke yake, na nadhani hapo ndipo tunaelekea. Bei bado hainiruhusu.

Halafu nikarudi kwa historia tena. Waingereza walihitaji pikipiki ya parachuti kwa sababu pale askari anapoangukia hakuna mtu wa kumbeba. Mjapani wa 1981 alihitaji Motocompo kwa sababu ameegesha mbali na anakoenda. Mimi nataka kuzunguka ghuba ya Winam. Kuna mahali gani hapa nitaegesha nikose boda ndani ya dakika tano? Boda ambaye anajua njia, anajua mbwa wa kila boma, na nduthi yake iko na spea dukani?

Kwa hivyo nimenunua ndiga. Imetumika, ya chuma, kilo 19 kwa mizani ya samaki. Inaingia ndani ya van, chini ya kitanda, nikitoa tairi la mbele. Mkate na maji naifuata nayo. Safari ndefu nalipa boda wa pale pale, na pesa inabaki kijijini. Siku nikienda mahali hakuna steji kabisa, kaskazini huko, tutaongea tena kuhusu kilo 60.

Nduthi ya ndugu yangu imerudi barabarani. Shokabu mpya, tangi la mtumba la rangi tofauti, watu wanaitambua kutoka mbali. Nilimwambia tunaondoka tena Jumamosi, na safari hii keria haipo. Aliangalia nyuma ya van, akagusa mahali bolti zilikuwa, akasema, "Omera, wewe beba kamera. Nduthi tutazikuta huko."